Je, serikali iweke kikomo cha bei wakati wa uhaba?

Naufungua mjadala huu kwa sababu kuna hoja iliyozoeleka kiasi kwamba wengi hawaihoji tena: bidhaa muhimu zinapoadimika na bei kupaa, serikali inawajibika kuweka kikomo cha bei na kumwadhibu mlanguzi, kwa kuwa mnyonge hawezi kushindana sokoni na mwenye fedha. Naiheshimu nia iliyomo katika hoja hiyo. Ninachokipinga ni dawa inayopendekezwa, na naipinga kwa ajili ya mnyonge huyohuyo.

Kikomo cha bei hakiongezi hata gunia moja ghalani. Ikiwa unga uliopo unazitosha kaya 70 kati ya 100, kaya 30 zitakosa, na amri ya serikali inabadilisha tu namna ya kuamua ni zipi zitakazokosa. Mahali pa fedha panashikwa na foleni, kujuana na bahasha inayopitishwa mlango wa nyuma. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kusimama foleni asubuhi nzima bila kupoteza ujira wake, wala hana ndugu katika ofisi ya ugawaji.

Zimbabwe ililiona hilo katikati ya mwaka 2007. Mfumuko wa bei ulikuwa umekwisha kufikia maelfu ya asilimia, kwa sehemu kubwa kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa ikichapisha noti kugharimia matumizi yake, lakini lawama zikabebeshwa wenye maduka, wakaamriwa wapunguze bei kwa takriban nusu. Wanunuzi walimiminika, rafu zikafagiliwa, kisha zikabaki tupu. Wafanyabiashara kwa maelfu walikamatwa au kutozwa faini, huku nyama, sukari na mafuta ya kupikia vikihamia kwenye magendo. Tazama hesabu ya mwoka mikate: ikiwa unga, hamira na moto wa tanuri vinamgharimu zaidi ya bei aliyoamriwa kuuzia, kila mkate anaoutoa ni hasara, na kadiri anavyooka ndivyo anavyofilisika. Anapozima tanuri huitwa mhujumu, ingawa hakuna mwenye akili timamu ambaye angefanya tofauti.

Kinyume chake kilionekana Ujerumani Magharibi mwaka 1948. Tarehe 20 Juni sarafu mpya ilianza kutolewa, na Ludwig Erhard, aliyekuwa mkuu wa idara ya uchumi, akaondoa udhibiti wa bei za bidhaa nyingi. Bidhaa zilizokuwa zimefichwa maghalani zilionekana madirishani mwa maduka karibu mara moja, kwa kuwa sasa palikuwa na faida ya kuziuza. Nisifiche upande wa pili: kodi za nyumba na baadhi ya vyakula vya msingi viliendelea kudhibitiwa, bei nyingine zikapanda, na mwezi Novemba mamilioni ya wafanyakazi waligoma kwa siku moja. Erhard hakurudi nyuma, na uzalishaji uliendelea kukua.

Jibu zito zaidi dhidi yetu tunaotetea soko huria ni njaa ya mwaka 1943 ya Bengal, jimbo la Uhindi iliyotawaliwa na Waingereza, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni tatu. Mwanauchumi Amartya Sen alionyesha kwamba tatizo kuu halikuwa upungufu wa jumla wa chakula. Bei ya mchele iliukimbia ujira wa vibarua wasio na ardhi na kipato cha wavuvi, wakafa ilhali mchele upo. Anayesema soko lingelitatua hilo peke yake hajaitazama njaa ile kwa makini. Hata hivyo, soko lenyewe lilikuwa limefungwa mikono: mikoa ilizuia mchele kuvuka mipaka yake, na utawala wa Kiingereza, kwa hofu ya uvamizi wa Wajapani, ulikuwa umetwaa au kuharibu maelfu ya mashua zilizowasafirishia watu mizigo na kuwapatia wavuvi riziki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba asiye na uwezo apewe fedha mkononi, na bei iachwe imwite mwenye mzigo kutoka mbali. Mwanauchumi Milton Friedman, mtetezi mkubwa wa soko huria, alipendekeza mwaka 1962 kwamba mwenye kipato cha chini ya kiwango fulani apokee fedha kutoka serikalini badala ya kulipa kodi. Naitenga hali moja tu, ile ya mtoa huduma pekee, kama mwenye mabomba ya maji ya mji mzima, kwa kuwa hata bei ikipanda vipi, mshindani hawezi kuja kesho na mabomba yake. Hapo naukubali udhibiti.

Anayeunga mkono kikomo cha bei kwa bidhaa zenye wauzaji wengi naomba anijibu jambo moja: baada ya gunia la kwanza kuuzwa kwa bei ya amri, ni nani atakayeleta la pili, na atalipwa na nani gharama ya kulileta?