Familia ya rika zote, siku mbili: Yas Island au Dubai?

Bint Malindi (Muscat)

Assalaam alaykum wapendwa. Shule zikifungwa mwisho wa Juni tunashuka Emirates kwa gari, na safari hii nimeahidi siku mbili za michezo. Tupo saba: mimi na baba watoto, kijana wa miaka 16, binti wa 13, wa kiume wa 7, mdogo wa miaka 3, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Kijana amejaza simu video za ile Formula Rossa, rola kosta ya kasi ya Ferrari World, hataki kusikia kingine. Wa miaka 7 anataka Tom na Jerry. Mama anasema yeye popote, mradi pasiwe na jua na pawe na pa kukaa.

Nimebakiwa na njia tatu. Kwanza, Yas Island kule Abu Dhabi: Ferrari World siku moja na Yas Waterworld, bustani ya maji, siku ya pili. Au hapo hapo Yas, Warner Bros. World ya vikatuni na Ferrari World. Au tubaki Dubai kwa jamaa zetu, tuokoe hela ya hoteli, twende Legoland na Motiongate, bustani ya michezo ya filamu, ambazo ziko sehemu moja. Tiketi za watu saba ni hela nyingi, nataka kila mtu apate chake. Mliokwenda na watoto wa umri tofauti, nipeni uzoefu.

Kijana wa Deira

Ferrari World, wala usifikirie mara mbili. Formula Rossa inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano tu, inapanda hadi mita 52, na kabla ya kuondoka mnapewa miwani ya kuziba macho kwa sababu kwa kasi ile hata chembe ya mchanga inaumiza. Kwa miaka mingi tangu 2010 ndiyo iliyoshika rekodi ya kasi duniani. Halafu kuna rola kosta ya Flying Aces, ina duara la kwenda juu mita 52 nzima. Kijana wa miaka 16 akikosa hivi akiwa kilomita chache tu kutoka hapo, atakumbuka mpaka aoe.

Mama Rukia (Abu Dhabi)

Waalaykum salaam dada. Mimi ningekuomba usianze kupanga na kijana, anza na huyo wa miaka 7. Wa miaka 3 hana shida, mpandishe farasi wa kuzunguka mara nne ameshafurahi. Wakubwa wawili wataenda zao wenyewe. Anayeumia siku zote ni wa katikati: mfupi kwa mashine za wakubwa, na akiambiwa apande za watoto wachanga anaona ametukanwa. Nimeona watoto wa umri huo wakilia mbele ya kile kijiti cha kupimia urefu, kaka zao wameshaingia ndani wanawapungia mkono. Formula Rossa inataka sentimita 140, na mtoto wa miaka 7 kwa kawaida yuko kwenye 120.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila bustani ni hili: ina vitu vingapi vya kati? Yaani vyenye mwendo na kona na mteremko kidogo, vya kumfanya mtoto apige kelele, lakini mama na hata binti wa 13 wakae kiti kimoja naye. Hapo Warner Bros. World inawazidi wote. Kuna ile ya Tom na Jerry, Swiss Cheese Spin, vigari vinazunguka huku vinakwenda. Kuna ya Road Runner, Fast and Furry-ous, mnaning'inia chini ya reli. Kuna mashua ya Flintstones kule Bedrock, mwishoni inashuka kwa kishindo na mnalowa. Kuna Scooby-Doo ya gizagiza, ya kutisha kwa kiasi. Familia nzima mnatoka mnazungumzia kitu kimoja, na mimi hicho ndicho ninachokilipia.

Tena yote iko ndani, chini ya paa, na kiyoyozi mwanzo mpaka mwisho. Juni huku kwetu joto linapita nyuzi 40, na unakuja na mtu mzima. Jambo moja tu: sehemu ya Gotham City, mji wa Batman, ina giza na kelele, wa miaka 3 mpitisheni haraka.

Kijana wa Deira

Mama Rukia nakuheshimu, ila Warner siku nzima kwa kijana wa 16? Batman: Knight Flight nzuri, ile ya Road Runner nzuri, halafu? Saa nane mchana atakuwa amekaa kwenye mgahawa anachezea simu.

Mama Rukia (Abu Dhabi)

Huenda, mwanangu. Lakini saa nne za kijana kuchoka kidogo ni nafuu kuliko siku nzima ya mdogo kusimama nje ya kamba.

Baba Wawili (Dubai)

Naona Dubai inapitwa bila kusikilizwa. Legoland yenyewe imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, hilo wanalisema wenyewe. Ukimkatia tiketi wa miaka 16 umemlipia kazi ya kushika mkoba. Lakini Motiongate iko hapo hapo, katikati kuna Riverland, mtaa wa migahawa, mnatembea kwa miguu. Asubuhi baba na wakubwa wanaingia Motiongate kupanda rola kosta ya Capitol Bullet Train na ile ya John Wick, wewe na bibi na wadogo mnaingia Legoland. Saa ya chakula mnakutana Riverland. Kila mtu amelipiwa bustani moja tu na kila mtu ameipata yake.

Na hata Motiongate peke yake inajitosheleza. Upande wa DreamWorks uko ndani ya jengo, kuna Dragon Gliders, kuna Madagascar, kuna Kung Fu Panda. Huyo wa kati wa Mama Rukia atashiba kabisa.

Ila ungekuwa unakuja Januari ningekusukuma huku kwa nguvu zote. Juni, Legoland na bibi, hapana. Sehemu kubwa ni ya wazi, palipofunikwa kabisa ni Miniland, ile miji ya matofali madogo. Bibi hawezi kukaa Miniland siku nzima.

Opereta Mstaafu (Nakuru)

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, nimefanya kazi huko Emirates kwenye bustani moja ya michezo, nikiendesha mashine kubwa na baadaye ndogo. Ngoja niseme yale tuliyokuwa tunayaona kutoka upande wetu.

Kwanza kuhusu urefu, kwa sababu wazazi wengi hudhani ni ukali tu wa wafanyakazi. Kile chuma kinachofungwa mapajani kimepimwa kikae juu ya nyonga za mtu wa kimo fulani. Mashine ikipita kileleni mwili unanyanyuka kwenye kiti, na wakati huo kinachokushika ni kile chuma peke yake. Mtoto mfupi hakimkamati vizuri, anaweza kuteleza. Ndiyo maana umri hatuuulizi hata kidogo, tunaangalia kijiti. Watu walikuwa wakija na mtoto kavalishwa viatu vya soli nene, au kajaziwa karatasi ndani ya viatu. Tulikuwa tunamwambia avue, tunampima na soksi. Mama, wapime watoto nyumbani ukutani, miguu mitupu, kisigino kimegusa ukuta, halafu ingieni kwenye tovuti ya bustani muone kila mashine inataka ngapi. Mwambie mtoto kabla hamjaondoka nyumbani. Akiambiwa Muscat atanuna jioni moja, akiambiwa pale mlangoni baada ya foleni ya saa nzima siku imeharibika.

Pili, saa. Mashine kubwa zipandwe saa ya kwanza baada ya milango kufunguliwa. Familia nyingi zenye watoto wadogo huingia zimechelewa, na zikiingia husimama kupiga picha na vikaragosi mlangoni, kwa hiyo foleni za mashine kubwa zinakuwa fupi. Na zile za nje, kama hiyo Formula Rossa, husimamishwa upepo wa mchanga ukizidi. Ukiiweka ya mwisho na ikasimamishwa, huna siku nyingine.

Tatu, kupokezana. Uliza kwa mfanyakazi wa mashine yoyote kama wana utaratibu wa wazazi kupokezana. Baba anapanga foleni na wakubwa, wewe unasubiri na mdogo, baba akishuka wewe unaingia bila kuanza foleni upya. Bustani nyingi duniani wanao, lakini hawautangazi kwa sauti. Wazazi wengi waliopita mbele yangu wangeweza kupanda na hawakujua.

Nne, chakula. Watu wanaogopa kula kabla ya zile za kasi. Wanaotapika zaidi ni wa zile za kuzunguka, kwa sababu maji yaliyo ndani ya sikio yanaendelea kuzunguka hata mwili ukishasimama. Hiyo ya jibini la Tom na Jerry apande kabla ya kula.

Mimi ni Huyo Mkubwa

Nina miaka 19, nimekuwa kifungua mimba maisha yangu yote. Mama Bint Malindi, shikamoo. Tafadhali mpe huyo kijana saa zake bila mdogo mgongoni. Tunawapenda wadogo zetu, ila ukienda mahali unapopaota tangu darasa la sita halafu ukaambiwa "mshike mwenzio kwanza", furaha yote inatoka. Saa tatu za peke yake zinamtosha. Baada ya hapo atambeba mdogo mwenyewe bila kuambiwa.

Bint Malindi (Muscat)

Marahaba mwanangu. Hilo limenigusa, maana ndivyo tunavyomfanya kweli.

Nimewapima kama alivyosema kaka wa Nakuru. Kijana hana tatizo. Binti 146. Wa miaka 7 ni 118, nimemweleza, kanuna. Legoland nimeitoa kwa sababu ya jua. Waterworld je? Hakuna aliyeisemea.

Mama Rukia (Abu Dhabi)

Waterworld ni nzuri sana, na kwa Juni maji yanapoza. Wakubwa wana Liwa Loop, unasimama ndani ya kibanda, mlango wa chini ya miguu unafunguka, unadondoka. Wadogo wana ngome yao ya kumwagiana maji. Watoto waliozoea slaidi za Kunduchi pale Dar watajiona wako nyumbani. Lakini mama yako atafanya nini humo? Atakaa kivulini kwenye joto lile analinda taulo na simu za watu sita. Usimfanyie hivyo.

Mvuvi wa Nungwi

Nawashangaa mnamzungumzia bibi kama mzigo wa kutafutiwa kiti. Mpelekeni SeaWorld, bustani ya viumbe wa baharini ya hapo hapo Yas, ilifunguliwa 2023. Sehemu kubwa ni ndani, kuna baridi. Lile tangi kubwa lina lita milioni 25 za maji, papa, samaki aina ya taa, kasa, samaki makundi kwa makundi nyuma ya kioo kimoja kikubwa. Mtu wa Unguja huyo. Atawaonyesha wajukuu huyu taa, huyu kolekole, huyu chewa, huyu bibi yenu kamkaanga miaka hamsini. Wengine wote watakuwa wanasoma vibao vya maelezo, yeye atakuwa anavifahamu. Na kijana akichoka na samaki, kuna rola kosta ya Manta.

Baba Wawili (Dubai)

Hii ya Mvuvi ni bora kuliko zote tatu za mwanzo.

Bint Malindi (Muscat)

Nimemsomea mama maneno ya Mvuvi, kacheka mpaka kakaa chini. Basi nimeamua. Siku ya kwanza Warner Bros. World wote saba, mwanzo mpaka mwisho, Tom na Jerry kabla ya chakula. Siku ya pili tunagawana: baba na wakubwa wawili Ferrari World tangu milango inafunguliwa, mimi na mama na wadogo SeaWorld. Jioni tunakutana Yas Mall, maana imeungana na Ferrari World. Kijana nilipomwambia hatakuwa na mdogo kaniuliza mara mbili kama nasema kweli.

Siku ndiyo bado. Tulifikiria Jumamosi na Jumapili.

Mama Rukia (Abu Dhabi)

Usije Jumamosi na Jumapili! Tangu 2022 hizo ndizo siku za mapumziko za huku, si Ijumaa na Jumamosi kama Oman. Njoo Jumatano uingie hotelini, Alhamisi Warner, Ijumaa mgawane. Ijumaa huku ofisi za serikali ni nusu siku, kwa hiyo wakubwa wamalize Formula Rossa asubuhi kabla watu hawajamiminika. Vyumba vya kuswalia vipo ndani, msiwe na wasiwasi.

Opereta Mstaafu (Nakuru)

Mpango safi. Nyongeza mbili ndogo. Binti kama anavaa mtandio, aje na ule wa kuvuta kichwani usio na ncha ndefu, au achomeke ncha zote ndani ya nguo, kwa sababu kitambaa kinachopepea hakiruhusiwi kwenye mashine za kasi na huenda akarudishwa. Na bibi, hata kama anatembea vizuri, uliza pale mlangoni kiti cha magurudumu cha kukodi. Sakafu za humo ni ndefu kuliko mtu anavyodhani akiwa nje.