Naomba ushauri: mama anatumia warfarin na anatakiwa kung'oa gego

Habari zenu ndugu zangu, poleni na majukumu.

Mama yangu ana gego la chini limeoza hadi limebaki vipande. Usiku halali. Ufizi umevimba, na akibonyeza kwa ulimi usaha unatoka. Daktari wa meno ameangalia eksirei akasema halizibiki tena, ni kung'oa tu. Hapo hatuna ubishi.

Shida ni kwamba mama ana valvu bandia ya chuma kwenye moyo, na anameza warfarin kila jioni ili damu isigande. Wa meno kamwambia aache vidonge siku chache kabla ya kung'oa. Wa moyo kakataa katakata: akiacha, damu inaweza kuganda kwenye valvu. Anataka apime INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda) kwanza, ameze antibaiotiki, kisha ang'olewe huku dawa ikiendelea na kidonda kishonwe. Mimi namwelewa zaidi wa moyo, ila wa meno ndiye atakayeshika koleo! Tumewaomba waongee wenyewe, lakini kila mmoja anatutuma kwa mwenzake.

Kwa sasa anatuliza na parasetamo na kusukutua kwa maji ya chumvi. Ibuprofeni tumekatazwa.

Mliowahi kung'olewa jino mkiwa kwenye warfarin, damu ilikatika baada ya muda gani, na mlifanyiwa nini kuizuia? Na je, tuombe rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, au huyu wa meno akipewa barua ya wa moyo anatosha?