Mafunzo ya maadili kwa askari wetu wa Tanga: yafundishe nini hasa?

Mjumbe wa Makorora
Habari za humu, ndugu zangu. Kamati yetu ya ulinzi shirikishi imeombwa maoni kuhusu mafunzo ya maadili na haki za raia yatakayotolewa kwa askari wa eneo letu. Ninahofia yatakuwa ya kuketi ukumbini, kusomewa vifungu na kutawanyika, ilhali kinachowaumiza wananchi ni namna wanavyopokelewa kaunta. Nilipomsindikiza mama muuza samaki wa Sahare kwenda kuripoti wizi, askari wa zamu alimwambia asogee pembeni kwa sababu ananuka, kisha akamhudumia kwanza bwana aliyefika nyuma yetu. Je, utu wa namna hii hufundishika?

Askari mstaafu, Muheza
Ndugu mjumbe, hufundishika, ila kwa mazoezi. Ibara ya 12 ya Katiba, inayosema kuwa kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake, askari huisikia tangu akiwa kuruta. Kinachopungua ni mazoea ya kuitenda saa nane za usiku, akiwa amechoka na mbele yake kuna mlevi anayemtukana. Wekeni meza ya kaunta humo humo ukumbini. Askari mmoja awe mlalamikaji asiyejua kusoma, mwenzake aandike maelezo, amsomee polepole, amuulize kama kuna la kurekebisha, na ndipo amwombe atie dole gumba. Wanaotazama waseme walichokiona, kisha zoezi lirudiwe.

Msaidizi wa kisheria, Ngamiani
Shikamoo mzee wangu. Mazoezi nayaunga mkono, lakini kwamba vifungu wanavijua, hapo sikubaliani nawe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa staha. Inataka pia kwamba mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, aachiwe kwa dhamana iwapo haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa kosa lionekane kuwa zito. Nimeketi na askari kijana aliyeamini kwa dhati kwamba dhamana ni hisani ya mkuu wa kituo. Huyo hakuwa na ubaya wowote; hakufundishwa, na ndugu wa mahabusu ndio walioumia, maana hisani huombwa, na mwenye kuomba huishia kutoa chochote.

Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, Kange
Mimi ninaomba jambo moja tu: wakuu wa vituo waketi humo tangu asubuhi hadi mwisho, wasije kufungua na kuondoka. Askari akirudi kazini na kumkuta mkubwa wake anamfokea mahabusu, atamfuata mkubwa wake.

Mjumbe wa Makorora
Ahsanteni sana. Nitawasilisha zoezi la kaunta, somo la dhamana na upekuzi, na sharti la wakuu wa vituo kuhudhuria. Mama wa Sahare nimemwomba aje kuwaeleza askari yaliyomkuta, naye amekubali.