Kupiga picha magari ya kifahari usiku: lenzi ya 50mm, flashi au stendi? (Tabora)

Mtoto wa Isevya
Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi. Ijumaa ijayo kuna jamaa wanapita hapa Tabora na magari yao wakitokea Dar, wanalala usiku mmoja halafu wanaendelea Kigoma. Kwenye msafara kuna Porsche 911 ya njano na Nissan GT-R, na mimi kwa macho yangu sijawahi kuona hata moja kati ya hizo. Mmoja wao kaniambia nikiwatolea picha za usiku za kueleweka, barabarani, watanilipa. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu: lenzi ya 50mm f/1.8, flashi, au stendi nzuri. Nichukue kipi? Nahitaji majibu ya haraka maana mzigo lazima upande basi Dar.

Sekunde Kumi
Kamera gani? Bajeti kiasi gani? Magari yatakuwa yamesimama au yanatembea? Unaomba dawa hujasema unaumwa wapi.

Turbo Mbili
Nilivyosoma "stendi" nikajua unauliza habari za mabasi, kumbe ni ile ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

Dagaa wa Kibirizi
Chukua 50mm, wala usijiulize mara mbili. Lenzi inayokuja na kamera ukiivuta mpaka 50 inafunguka f/5.6 basi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Hii inafunguka f/1.8, yaani mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Pale ulipokuwa unalazimika kupanda ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka 6400 na picha kujaa chengachenga, unashuka mpaka 800 na unatembea na kamera mkononi. Mimi huku Kigoma nimepigia nayo magari, harusi, mpaka wavuvi wanarudi asubuhi na karabai zao.

Mtoto wa Isevya
Samahani wakuu, haraka zangu. Ni Canon 700D na lenzi yake ya 18-55. Bajeti laki tatu, na ishirini juu ya kusafirishia. Nadhani yatakuwa yamesimama.

Mama Kulwa
"Nadhani." Mpigie simu umuulize, mwanangu.

Sekunde Kumi
Sasa tunaweza kuongea. 700D sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, kwa hiyo hiyo 50mm inavuta karibu kama lenzi ya 80mm kwenye kamera yenye sensa kubwa. Gari ina urefu wa kama mita nne na nusu. Ukitaka kuiingiza yote kwa ubavu na kubakiza nafasi kidogo mbele na nyuma, unatakiwa kurudi nyuma mita 12 au 13. Barabara za mtaani kwetu unazijua upana wake. Utajikuta umeegemea mlango wa duka la ng'ambo huku bodaboda zinapita kati yako na Porsche.

Gari lililosimama halina haraka. Nunua stendi nzito, bakia na 18-55 yako. ISO 100, f/8, shata ibaki wazi sekunde 10. Zima swichi ya kutuliza lenzi, weka taima ya sekunde 2 ili usitikise kwa kidole. Na mwenye gari akae ndani: awashe taa sekunde moja, azime. Zikiwaka sekunde zote kumi unapata mipira miwili myeupe na gari huioni.

Dagaa wa Kibirizi
Kwani lazima apige kwa ubavu kila picha? Mchukue kwa pembe, pua ya gari na taa moja. Na mbele ya stesheni pana nafasi ya kutosha kurudi nyuma hata mita 30.

Turbo Mbili
Stesheni bila ruhusa? Utawaeleza askari kwamba ni f/1.8.

Chuma Chakavu
Kabla hujanunua stendi, sikiliza niliyelia.

Mwaka jana nilinunua ya elfu thelathini na tano. Plastiki tupu, imepakwa rangi ifanane na chuma. Nikaitwa kupiga Crown Athlete nyeusi ya jamaa mmoja wa biashara ya tumbaku, saa tatu usiku, chini ya miembe. Nikaivuta ile shingo ya katikati mpaka mwisho ili nione juu ya boneti. Mkanda wa kamera nikauacha unaning'inia. Picha ya kwanza imecheza. Ya pili imecheza. Nikalaumu upepo, kumbe ni ule mkanda, kila lori likipita unapepea na kamera nzima inatikisika.

Ya tatu nikabonyeza, nikaanza kuhesabu. Nimefika saba, bodaboda kabeba magunia mawili ya mkaa kanipita karibu, pembe ya gunia ikanasa mkanda. Yeye hata hakusikia, aliendelea na safari. Kamera ikavutwa kama mita mbili ikatua kifudifudi. Kamera ilipona. Lakini 18-55 mahali inaposhikana na kamera ni plastiki: meno matatu yote yakakatika. Mawili nikayaokota kwenye lami kwa tochi ya simu. La tatu limo ndani ya kamera mpaka leo, nikiitikisa linalia kama njuga.

Na ile picha ipo. Robo tatu ya gari, halafu michirizi ya taa inapanda mbinguni. Mwenye Crown akaipenda kuliko zote, ndiyo kaweka profaili. Hela hakunipa. Alisema zile nyingine zimecheza.

Dagaa wa Kibirizi
Pole mkuu. Ndiyo maana nasema 50mm, ile toleo la STM pale inaposhikana na kamera ni chuma.

Sekunde Kumi
Pole sana, lakini hapo stendi inasingiziwa. Mkanda unavuliwa, shingo ya katikati haipandishwi, na kwenye ndoano ya chini unaning'iniza begi au dumu la maji. Mwenye makosa ni wewe na ile elfu thelathini na tano.

Chuma Chakavu
Asante kwa kunifariji.

Mama Kulwa
Hakuna aliyegusa flashi, basi niiseme ili aifute kwenye orodha. Nimepiga magari ya harusi miaka mingi. Ukiwasha flashi juu ya kamera kuelekea gari, kibao cha namba kimetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo utapata namba inayowaka kama jua na gari limebaki giza. Ubavu nao ni kioo: nilishakabidhi albamu nzima ambayo mlangoni mwa gari la bibi harusi nipo mimi na kitenge changu, nimechuchumaa. Flashi ya gari inawekwa pembeni, mbali na kamera, na hiyo ni vifaa vingine na mtu wa kushika.

Halafu kwa nini mnataka giza la kiza? Huku kwetu jua linazama karibu saa moja, hatuko Dar ambako muda huo giza limeshaingia. Kuanzia saa moja na dakika tano mpaka na ishirini hivi, anga linakuwa la bluu iliyoiva, taa za barabarani zimeshawaka, na rangi ya gari bado unaiona. Njano ya Porsche kwenye bluu ile, we acha tu. Ikishafika saa mbili anga ni jeusi, na chini ya taa za rangi ya chungwa hiyo njano utaiuza kama nyeupe iliyochakaa.

Turbo Mbili
Mama hapo umenena. Ila turudi nyuma, nani kasema GT-R ni gari la kifahari? Ni Nissan. V6 lita 3.8, turbo mbili, inawaadhibisha wenye Ferrari, lakini ukiiangalia kwa mbali ni gari la baba wa watoto watatu. Hiyo 911 sawa. Injini iko nyuma kabisa, silinda zimelala ubavu kama za Subaru.

Chuma Chakavu
Kwa hiyo Subaru ya shemeji yangu ni Porsche?

Turbo Mbili
Sijasema hivyo.

Dagaa wa Kibirizi
Swali la maana ni hiyo 911 itavukaje matuta mpaka ifike huku Kigoma. Mimi Mark X tu inasugua.

Sekunde Kumi
Mtoto wa Isevya, ujanja mmoja wa bure: mwaga ndoo mbili za maji mbele ya gari. Lami ikilowa inakuwa kioo, taa na rangi zinajirudia chini. Picha inapanda daraja bila kununua chochote.

Mama Kulwa
Ndoo mbili barabarani! Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mmesahau foleni za kisimani.

Sekunde Kumi
Mama, ni ndoo mbili.

Mama Kulwa
Tumia za kufulia, yameshatumika.

Chuma Chakavu
Ya povu ndiyo yatang'aa vizuri zaidi.

Mtoto wa Isevya
Wakuu nimerudi. Nimeongea naye. Anasema za kusimama wanataka mbili tatu, ila hasa wanataka za gari likiwa linatembea, wakizunguka mjini taratibu. Na watafika "jioni jioni", saa kamili haijui. Nilikuwa nishalipia nusu ya stendi.

Sekunde Kumi
Umelipia nusu kabla ya kumuuliza?

Dagaa wa Kibirizi
Nilisema mimi.

Mama Kulwa
Usijisifu mapema. Kwa f/1.8 fokasi ya 700D gizani itahangaika na gari linalomkujia. Atumie 18-55 hiyo hiyo, shata sekunde 1/30, asimame ubavuni, azungushe kiuno alifuate gari kabla ya kubonyeza na baada ya kubonyeza. Nyuma kunachirizika, gari linabaki kali. Kati ya ishirini atapata mbili, na hizo mbili ndizo za kulipwa. Kesho jioni kakae barabarani ujaribu kwa bajaji.

Mtoto wa Isevya
Kwa hiyo nisinunue kitu?

Dagaa wa Kibirizi
Nunua 50mm, stendi nitakuazima mimi. Ninayo ya chuma, nzito kama mtoto wa miaka mitatu. Nampa mtu wa treni. Wewe nirudishie na asali lita tano.

Turbo Mbili
Asali ya Tabora siku hizi imechanganywa na sukari.

Mama Kulwa
Umeinunulia wapi wewe? Kwa vijana wa dirishani treni ikisimama? Hiyo siyo asali ya Tabora. Njoo Sikonge uonje kitu kinatoka mzingani.

Chuma Chakavu
Lita tano kwa kuazima stendi ni nyingi. Lita mbili.

Dagaa wa Kibirizi
Nne, na dagaa kilo moja nawatumia humo humo.