Mjane wa tamthilia zetu anapiga kofi, kesi anaishinda wakili kwa niaba yake

Wadau, upuuzi huu umezidi. Kila tamthilia ya Nairobi inayonadiwa kuwa na "mwanamke shupavu" inatuletea yuleyule: suti nyekundu, visigino vya kugonga sakafu, sauti ya juu na kofi. Hesabu maamuzi yake yaliyogeuza tukio linalofuata. Mara nyingi hupati hata moja.

Chukueni kisa cha mjane na shamba, maana ndicho wanachokipenda. Mume kazikwa Jumamosi, Jumatatu shemeji kashauza. Mjane anaingia ofisini, anamzaba kofi, kamera inang'ang'ania uso wake, matangazo. Tukirudi analia, na wakili mtanashati anaibuka na karatasi moja inayomaliza kila kitu.

Karatasi hiyo haipo! Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, shamba la marehemu haligawanywi mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi (idhini ya kusimamia mali ya marehemu) na kuithibitisha, na uthibitisho kwa kawaida husubiri miezi 6. Kwanza cheti cha kifo. Kisha barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Kisha faili mahakamani, halafu tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30.

Hapo ndipo penye mchezo wenyewe, na waandishi wanapapita mbio. Shemeji mjanja hamfokei mtu. Anampitia chifu, anapata barua isiyo na jina la mjane, anafungua faili kimyakimya. Mjane akiliona tangazo siku ya 29, anawahi kuweka pingamizi. Akiliona siku ya 40 na hati imeshatoka, itabidi aombe ibatilishwe kwa kifungu cha 76, na mzigo wa kuthibitisha ulaghai ni wake. Na shemeji akiuza kabla ya hati, kifungu cha 45 kinasema hilo ni kosa la jinai, hadi mwaka mmoja jela. Mwanamke aliyeinama juu ya Gazeti Rasmi la Ijumaa, kidole kikishuka kwenye safu ya majina madogo madogo, kikasimama kwenye jina la mumewe: hiyo haihitaji kofi.

Msiniletee jaribio la Bechdel, lile la kuangalia kama wanawake wawili wanazungumza wao kwa wao kuhusu jambo lisilo mwanamume. Mjane na mama mkwe wakigombania ng'ombe dakika mbili, tamthilia imefaulu. Jaribio hilo linauliza kama wanawake wanazungumza, haliulizi nani anayesukuma kisa.

Eti mahakama inachosha watazamaji. Kinachochosha ni kofi la 12 lisilobadilisha kitu.

Wakili abaki, sawa. Ila mjane ndiye amtafute, amletee majina ya mashahidi, auze ng'ombe amlipe. Akosee pia: aamini barua ya chifu bila kuisoma, na kosa hilo limgharimu vipindi vitatu. Aliyewahi kukaa chumba cha waandishi ajitokeze hapa aseme: nani huwa anaikata sehemu hiyo?