Mdogo wangu anaiba vitu asivyovihitaji. Ni ugonjwa au tabia?

Binti Tabata: Wakuu, naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni. Mdogo wangu wa kike ana miaka 31, mhasibu, mshahara unamtosha. Jumamosi nilimsaidia kuhama. Chini ya kitanda nikakuta begi: vijiko vya chai 14, rangi za kucha zenye vibandiko vya bei, betri za rimoti na kofia ya mtoto. Hana mtoto. Kijiko kimoja ni changu. Mwaka jana nilimfukuza dada wa kazi kwa ajili ya kijiko hicho.

Nilipomuuliza akalia. Anasema akiwa dukani anabanwa kifua, moyo unamwenda mbio, akishakitia kitu kwenye pochi anajisikia kama katua mzigo. Akifika nyumbani anajichukia. Mama anataka maombezi.

Mzee Mkavu: Mwizi ni mwizi. Akishikwa Kariakoo hakuna atakayeuliza daktari wake nani.

Nesi wa Zamu: Mzee, mwizi huiba akauze au atumie. Huyu kaiba kofia aifiche uvunguni. Kinachoelezwa kinafanana na kleptomania, tatizo la kushindwa kuzuia msukumo. Madaktari wa Ufaransa waliliandika tangu miaka ya 1830. Ila hatumpimi hapa, maana hata mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kuiba hisia zikimpanda. Aonane na daktari wa afya ya akili, Muhimbili wapo. Tiba kubwa ni mazungumzo: anafundishwa kuushtukia msukumo mapema, na kujiona akilini kakamatwa, watu wamemzunguka, mpaka hamu ikate. Dawa zipo pia. Naltrexone, inayotumika kwa walevi, ilijaribiwa Marekani kwa watu 25, matokeo yakatoka 2009, na hamu ilipungua. Msijinunulie, inahitaji kuangalia ini.

Kimya Kingi: Mimi ninayo tangu sekondari. Siingii supamaketi na mkoba, na siendi peke yangu. Maombezi nilikwenda mara tatu, ya tatu nikarudi na kalamu ya mchungaji.

Mzee Mkavu: Ulimrudishia?

Kimya Kingi: Baada ya miezi minane. Kwenye bahasha, bila jina.

Binti Tabata: Asanteni. Kliniki nitaenda naye mwenyewe, mama nitamweleza taratibu. Yule dada wa kazi namba yake bado ninayo. Tangu juzi naiandika naifuta.