Gari inazunguka haiwaki, halafu fundi anasema mwenye gari ndo mbovu!!!

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Yule fundi mnamjua. Sitaji jina na sihitaji kutaja, nusu ya watu humu mmeshapita mikononi mwake, yule wa bisibisi nyuma ya sikio, yule anayekwambia "hiyo ndogo sana" kabla hujamaliza kueleza gari ina nini. Huyo huyo.

Gari ukipiga stata inazunguka kama cherehani, taa hazififii, nguvu ipo, ila haishiki tu. Nikamwita. Kafika, kasikiliza sekunde moja, kasema "betri". Betri jamani! Enjini inazunguka mpaka bonet inatikisika, mtu anasema betri. Ikaletwa betri, haikuwaka. Akasema basi ni stata. STATA!! Stata kazi yake ni kuzungusha enjini, na enjini ilikuwa inazunguka mbele ya macho yake, sasa hiyo stata mpya ije ifanye nini, ituimbie? Akafunga stata, haikuwaka. Plagi zote, koili, akahamia ndani akafungua dashibodi akatoa waya nyingi hadi nikadhani anatafuta urithi wa babu yake humo.

Sasa sikieni. Watu wameshajaa. Baba mkwe wangu naye kasimama pale, mtu ambaye mpaka leo hajaamua kama ananipenda. Fundi kachukua taulo yangu ya kwenye kiti, nyeupe, anafuta grisi kidole kimoja kimoja, taratibu, hata haniangalii mimi, anamwangalia baba mkwe, anasema: "Mzee wangu, hii gari nzima. Mwenye gari ndo mbovu."

MWENYE GARI NDO MBOVU.

Mimi! Kwa taulo yangu! Na pampu ya mafuta hajaigusa wakuu, hajaigusa. Ukifungua swichi bila kupiga stata pampu inatakiwa ivume sekunde 2 au 3 kule nyuma kwenye tenki, hata mimi nisiye fundi nalijua hilo, na nyuma kulikuwa kimya kabisa. Nikamwambia fundi mbona nyuma kimya, akanijibu "wewe kaa pembeni". Nikakaa pembeni! Halafu ndo akaanza kidole kimoja kimoja na "mzee wangu". Huyu mtu afungiwe asishike hata baiskeli.

Napita_Tu
Naweka kiti hapa. Swali dogo tu mtoa mada, mafuta yalikuwemo?

Mtoa mada
@Napita_Tu usinitibue leo. Geji inasoma nusu.

Napita_Tu
Geji nayo inadanganya mkuu, floti ya kwenye tenki ikikwama inasoma nusu mpaka kiama. Nauliza tu mimi.

Mzee wa Spana
Pole sana kijana. Huyo fundi anatibu kwa kubahatisha, anabadilisha kitu mpaka akutane na ugonjwa. Inayozunguka isishike inataka vitu vichache tu: mafuta, moto kwenye plagi, hewa na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na vyote vifike kwa wakati wake. Kama pampu kimya, anza na fyuzi, kisha relei yake, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Angalia kama relei ya honi ni ya aina ile ile, zibadilishane nafasi. Pampu ikivuma, umemaliza kwa vidole bila spana hata moja. Isipovuma, pima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu. Umeme upo na pampu haizunguki, pampu imekufa. Gari zingine zina swichi inayokata pampu gari ikigongwa, unaibonyeza irudi.

Kitu kimoja tu nimtetee fundi. Betri ikiwa hoi kweli inaweza kuzungusha enjini lakini volti zikaporomoka mpaka kontrol boksi (kompyuta ya gari) ikose nguvu. Ndo maana tunapima, betri iliyotulia isome karibu 12.6, na ukipiga stata isishuke sana chini ya 10. Ila hiyo ni kupima, siyo kuagiza betri mpya.

Mtoa mada
Ubarikiwe mzee. HAKUPIMA. Hana hata mita! Alikuwa na taulo yangu tu.

Kisoda
Hahahaaa nimecheka mpaka nimeulizwa na watu. Sasa baba mkwe alisema nini?

Mtoa mada
Hakusema kitu. Alitikisa kichwa.

Kisoda
Alitikisa juu chini au kulia kushoto? Maana hapo ndo kuna diagnosi yote.

Mtoa mada
Juu chini.

Kisoda
Duh. Basi imethibitishwa 😂😂

Bi Mdogo wa Gia
Wewe umeitwa mbovu tu unalia, mimi wangu aliniambia "dada kamwite shemeji nimweleze yeye". Shemeji mwenyewe hajui bonet inafungukia wapi! Gari ilikuwa ikipata moto inazima, unapiga stata inazunguka tu, ikipoa inawaka yenyewe. Akachomeka mashine ya kusoma makosa, haikuonyesha kosa lolote, akasema gari zima. Nikamwambia kaka, angalia mshale wa rpm ninapopiga stata, umelala haunyanyuki hata kidogo. Akacheka. Kwenda kwa mwingine, sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kuwa enjini inazunguka. Kuna kosa linaloitwa P0335 la hiyo sensa lakini si kila mara linajiandika, na pampu dhaifu ndo kabisa inaweza isiandike chochote.

Mzee wa Spana
Nakazia kwa dada. Mashine inakuonyesha pa kuanzia, haikuonyeshi kitu cha kununua.

Dizeli Damu
Ndo maana mimi petroli sigusi. Dizeli haina plagi za cheche wala koili, haina mambo mengi.

Fyuzi 15
@Dizeli Damu subiri hewa iingie kwenye mfumo wa mafuta, utapiga stata mpaka uombe radhi. Na asubuhi ya baridi hita zikifa utaleta uzi wako hapa hapa.

Dizeli Damu
Wivu.

Mtoa mada
Jamani turudi kwenye mada. Mtu anafuta vidole kwenye taulo NYEUPE anamwambia mkwe wangu mimi mbovu!

Fyuzi 15
Mkuu taulo utafua. Mimi nilipeleka gari kuoshwa, kijana akafungua bonet akapiga presha ya maji ndani ya enjini, mashimo ya plagi yakajaa maji, haikuwaka. Na bado akadai hela ya kuosha!

Bi Mdogo wa Gia
Hao waosha magari wana kesi kubwa mbinguni. Wangu alinirudishia mkeka mmoja si wangu.

Kimyakimya
Mimi wa alamu. Alikata waya akaunga kwa selotepu chini ya usukani, sasa gari inazunguka siku ikipenda inawaka, siku ikipenda taa ya ufunguo inamulika-mulika basi hapo hata upige stata na ukoo mzima. Nikimpigia simu ananiambia "funga mlango halafu ufungue tena".

Napita_Tu
Na ukifunga ukafungua inakubali?

Kimyakimya
Inakubali. Ndo kinachoniuma.

Mzee wa Spana
Mtoa mada kitu kimoja usisahau. Sikiliza inavyozunguka. Kama inazunguka nyepesi kuliko ulivyoizoea, acha stata mara moja, mkanda wa taiming unaweza kuwa umekatika na kwenye enjini nyingine valvu zinagonga pistoni. Hiyo uliyosema kama cherehani imenitia wasiwasi kidogo.

Kisoda
Mzee usimtishe, ana mkwe tayari.

Bi Mdogo wa Gia
Kuna mtu humu amewahi kupaka rangi mlango mmoja ukafanana na mingine? Wangu umetoka rangi ya gari jingine kabisa.

Fyuzi 15
Dada usiseme! Bampa yangu ukiiangalia kwenye jua ni zambarau.

Dizeli Damu
Ni yule yule wa rangi mnamsema? Anayevuta sigara huku anapuliza?

Bi Mdogo wa Gia
HUYO HUYO! Fungua uzi wake tuhamie huko.